Walivyogawana Kompyuta ya Baba

Mende simwogopi. Ninamchukia. Watu wakiniona nimeruka nyuma pale kibandani kwangu, mashine imefunguka mezani na mende wanatawanyika kila upande, hucheka wakisema fundi mzima anaogopa mdudu. Sio woga, ni kinyaa. Mdudu ametoka chooni kwa mtu, akapita jikoni kwa mtu huyo huyo, akaingia kwenye kompyuta kwa sababu mle ndani kuna joto, akanya, akazaa, akafa, na wanawe wakaendelea alipoishia. Halafu mwenye mali anakuja kwangu na mfuko mkononi, ananiambia, "Dada fundi, hii imeanza tu kuwa nzito."

Itaachaje kuwa nzito?

Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, Mtwara mjini, kwenye kibanda chenye meza moja na feni moja. Kulala nalala Likombe. Mezani pale nimeshatoa mayai ya mjusi, punje za wali, unga wa muhogo ulioganda, na nyigu waliokaushwa na joto. Kibodi ya ofisi moja niliigeuza nikaigonga mgongoni, zikadondoka kucha. Kucha za watu, zilizokatwa kwa wembe, za mikono na nyingine, naapa, za miguu. Siku ile sikula mchana. Msimu wa korosho ndio balaa kabisa, maana mtu anatoka kubangua, vidole vimeshika mafuta meusi ya ganda, anakaa moja kwa moja kubonyeza, na nje mabibo yanaoza yanaleta nzi wadogo hadi ndani ya printa. Mashine za msimu huo nazipokea na glavu.

Lakini mende na kucha vina dawa yake, brashi na spiriti na moyo mgumu. Kisicho na dawa ni mtu kukaa na kitu miaka na miaka asijue kipi ni kipi. Anakuja mzee wa watu, amebeba kioo kifuani kwa mikono miwili, jasho linamtoka, anakilaza mezani taratibu. "Kompyuta imekufa." Namuuliza sanduku liko wapi. "Sanduku lipi?" Lile la chini ya meza, mzee wangu, lenye kitufe cha kuwashia. "Aa, lile nimeliacha, lile zima, linawaka taa." Hapo ndipo ninapochefukwa. Kioo ni kioo tu. Kinaonyesha kinachoambiwa kionyeshe, hakijui lolote wala hakikumbuki lolote, ukikichomoa ukakipeleka Masasi hukupeleka hata herufi moja. Kompyuta ni lile sanduku. Wa ofisini wanaliita sipiyu, na wao wamekosea, kwa sababu sipiyu yenyewe ni kitu cha ukubwa wa biskuti, kimelala ndani ya sanduku chini ya feni, ndicho kinachopiga hesabu zote. Zamani nilikuwa naeleza hayo yote. Naeleza, mtu anaitikia ndiyo dada, ndiyo dada, wiki ijayo anarudi na kioo. Nikaacha. Nikawa nasema tu, "Kalete sanduku," nageukia mambo yangu.

Mtu mmoja tu hakunichosha kumweleza, naye ni baba yangu. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akastaafu, akarudi kijijini kwetu Mpapura kuangalia mikorosho yake. Ofisi moja mjini, iliyofunguliwa enzi zile za shamrashamra ya gesi, ilipofungwa iliuza vitu vyake, na mimi nikamchukulia kompyuta kamili. Nikaisafisha siku mbili. Nikampelekea, nikamfungia sebuleni, nikadhani kazi imeisha.

Kumbe mwalimu hakubali kitu kukaa nyumbani kwake bila jina na kazi. Alichukua daftari, akanikalisha. Hiki ni nini? Kinafanya nini? Kikitoka, nini kitashindikana? Nikamwambia habari za kioo na sanduku, akaandika. Nikamwambia mle ndani kuna kumbukumbu za aina mbili, na hapo watu wengi huwa wananipotea, lakini yeye alifikiri kidogo akanirudishia somo langu likiwa limepikwa. RAM, akasema, ni jamvi. Unatandika jamvi uani, unaanika muhogo wako, unaugeuzageuza, kazi inakwenda. Umeme ukikatika ni mvua imekukuta na muhogo uko nje. Diski ni ghala. Ulichokiingiza ghalani kinakaa, uwe umelala, uwe umesafiri, umeme uwepo au usiwepo. "Kwa hiyo mtu akisema ahifadhi," akasema, "maana yake atoe kwenye jamvi aweke ghalani." Ile modemu ya kuchomeka ubavuni akaiita tarishi, kama wale waliokuwa wanabeba barua za ofisini, na bando ndiyo nauli ya tarishi. Nauli ikiisha tarishi haendi, ila barua zako nyumbani hazijapotea. Mpaka leo sijasikia mtu akieleza vizuri kuliko vile.

Akachukua chaki akaandika jina juu ya kila kitu. KIOO. GHALA LIMO HUMU. TARISHI. Mama akafuta. Mama kwake chaki ilikuwa uchafu kama uchafu mwingine, na nyumba yake haikai uchafu. Baba anaandika asubuhi, mama anapita na kitambaa kabla ya adhuhuri. Baadaye akafuma vitambaa vyeupe vya kufunika kila kipande, na baba akaacha kuandika.

Mama alikuwa hapigwi picha. Aliiona picha yake ya kitambulisho, akasema yule si yeye, na tangu hapo ukimwelekezea simu anajifunika uso na kanga. Ametuachia ile picha moja tu, amekunja uso kama anayedaiwa. Lakini siku moja baba alikuwa anajaribu maikrofoni niliyomletea, akabonyeza kurekodi, na mama alikuwa amekaa mlangoni anamenya muhogo, anamsema. Anamsema kwa Kimakonde, dakika kadhaa, bila kujua kwamba yumo. Baba akaingiza ghalani. Mwaka ule ule mama akaumwa, hakukaa, akafariki.

Ile ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani. Baba alikuwa anaisikiliza kila Ijumaa akitoka msikitini. Aliniita. "Njoo umsikilize mama yako, anachekesha sana." Mwanzo nilikataa kwa sababu nisingeweza, kidonda kilikuwa kibichi. Nikasema baadaye, baba. Akaniita tena, nikasema baadaye. Halafu kidonda kikaanza kukauka na mimi nikaendelea kusema baadaye kwa mazoea tu, nina mashine za watu, nina mteja, nitakuja mwisho wa mwezi. Nikimuuliza kwenye simu mama anasema nini humo, anakataa kuniambia. "Njoo usikie mwenyewe."

Na nakala sikuchukua. Mimi, ninayemfokea kila mteja kwamba kitu kilichopo mahali pamoja ni kitu kilichopotea tayari, weka kwenye flashi, weka kwenye simu, sikuchukua nakala ya sauti ya mama yangu. Mganga hajigangi. Nilikuwa na flashi droo nzima.

Baba naye akaondoka. Alilala baada ya alasiri, hakuamka.

Siku ya arobaini nilikuwa uani na wanawake wenzangu, tunapika. Kwetu shamba na nyumba vinakwenda kwa mirathi, kuna sheikh, kuna utaratibu. Vitu vidogo vya marehemu, nguo, viatu, redio, jembe, vinagawanywa siku ya arobaini, kila ndugu apate cha kumkumbukia. Anayegawa ni mkubwa wa familia, na kwetu ni baba mkubwa, kaka yake baba. Wanaume wako sebuleni, sisi tuko kwenye moshi. Mimi nilikuwa nakoroga pilau ya sufuria kubwa kwa mwiko wa mikono miwili, macho yananitoka machozi ya kuni mbichi, na wala sikuwaza. Nani angewaza? Nilijua kompyuta itakwenda kwa mtu mmoja, na yeyote atakayeipata nitamwendea na flashi yangu nimalize mambo.

Nilipoingia na sinia la kwanza nikakuta wameshaigawa.

Sio wamempa mtu. Wameigawa. Kipande kipande, kama mbuzi. Kaka yangu amekumbatia kioo, kitambaa cha mama bado kipo juu. Binamu mmoja ana kibodi. Mwingine amepewa printa. Modemu imekwenda kwa mjukuu anayesoma Newala, kwa sababu inaingia mfukoni. Waya zilizobaki zimefungwa fundo, amepewa jirani aliyechimba kaburi. Nikasimama na sinia langu, mvuke unanipiga usoni. Watu wazima wamevaa kanzu safi wanamchinja baba yangu mara ya pili na kila mmoja anatabasamu.

Nikamuuliza baba mkubwa, sanduku kapewa nani?

"Sanduku lipi, mwanangu?"

Lile la chuma, la chini.

"Aa, ile stebilaiza. Ile amepewa shangazi yako, yeye ana friji."

Stebilaiza ni kile kiboksi cha kulinda friji umeme unapopanda na kushuka. Na nikisema kweli, baba mkubwa hakuwa mjinga. Aliangalia akaona chuma kizito, waya mnene unakwenda ukutani, feni nyuma inapuliza, tundu tundu za kupumulia. Kitu kama hicho kitakuwa cha umeme tu. Na kioo, mwenyewe amekiona miaka yote kikitoa maandishi, kikitoa picha, mdogo wake amekaa mbele yake anakisomesha. Kompyuta itakuwa ipi sasa, kama si hiyo? Chaki ya baba ingekuwepo ingewaambia. Shangazi alikuwa ameshaondoka na gari la saa nne kurudi kwake pwani, upande wa Mnazi Bay, alikoolewa, na sanduku amelifunga kwenye kanga.

"Na wewe hatukukusahau," baba mkubwa akasema. Akanipa mausi. Mausi, na mkia wake umezungushwa vizuri. "Wewe hivi vitu unavyo vingi dukani kwako."

Hapo ndipo ningeeleza. Ukumbi wote ulikuwa umenyamaza unanisikiliza, sinia limeshatua, midomo mitupu. Ningesema, wazee wangu, mnisamehe, hebu tukae niwaambie kilichomo ndani ya lile sanduku. Ingechukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Badala yake nikawaangalia mmoja mmoja, nikawaona kama wateja, kama lile kundi la ndiyo dada ndiyo dada, nikachefukwa nao wote. Nikasema, "Kuleni." Nikatoka. Pilau yao sikuionja, nikapanda bodaboda kurudi mjini na mausi yangu kwenye mkoba.

Njiani nikajituliza kwa utaalamu. Diski si samaki, nikajiambia, haiozi. Hata wakiichomoa, hata wasipoiwasha mwaka mzima, kilichoingia ghalani kiko ghalani. Hilo ni kweli kabisa na ndilo lililoniponza.

Wiki ile ile kaka akanipigia simu. Kompyuta inawaka, akasema, lakini inakataa kazi. Imeandika kwa Kiingereza, inasema haina mawasiliano. Nikajua inasema nini, kila kioo kisichochomekwa kwenye sanduku kinaandika hivyo, kinasema hakuna kinacholetwa kwangu nikionyeshe. Kaka yeye akaelewa ni mtandao. Kwa hiyo alifanya lile ambalo kila mtu wa kijijini kwetu hufanya mtandao ukikosekana. Kuna kichuguu nyuma ya mikorosho ambako simu zinashika, watu hupanda pale wakitaka kupiga. Akaunganisha nyaya za umeme mbili tatu, akavuta toka nyumbani mpaka kule, akakipandisha kioo juu ya kichuguu. Amekaa nacho toka asubuhi, anakigeuza huku na huku.

"Nikigeuzie upande gani?" akaniuliza. "Wa Ntwara au wa Newala?"

Nilicheka mpaka mteja aliyekuwepo akaniangalia. Halafu nikaona aibu, halafu kinyaa kikarudi. Nikamwambia, "Kigeuzie Makka," nikakata simu. Kaka yangu wa tumbo moja.

Shangazi nilimpigia mara moja tu. Kule kwake mtandao unakuja na kuondoka, sauti yake ilikuwa inakatika. Nikamuuliza lile sanduku lipo? "Lipo, mwanangu, lipo salama." Lisifunguliwe, nikasema. Sikusema kwa nini. "Linafanya kazi vizuri sana," akasema. Linafanya kazi? "Vizuri sana, alhamdulillahi." Nikashangaa, nikataka kuuliza kazi gani, simu ikakatika, na mimi sikurudia. Ningerudia, ingebidi nianze kueleza, na mimi kueleza nilishaapa. Msimu wa korosho ukaingia, mashine zikajaa mezani na mafuta yake meusi, na safari ya pwani nikaisogeza mbele mara mbili.

Nilipokwenda nilikuwa na flashi tatu mkobani. Moja ya kunakilia, moja ya akiba, na moja kwa sababu ya woga. Bodaboda ilizama mchangani mara mbili, nikashuka kusukuma. Shangazi alinipokea kwa furaha yake, mfupi, macho yamepakwa wanja, harufu ya dagaa waliotandazwa juani imetanda uwanja mzima na inzi wamewafunika wakawa weusi. Akanipa maji ya baridi kutoka kwenye friji lake. Sikukaa hata. Nikauliza, liko wapi?

"Liko nyuma, linafanya kazi."

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Chini ya ukingo wa bati, karibu na maji machafu ya kuoshea samaki, sanduku la baba lilikuwa limelazwa ubavu, mfuniko umetolewa, na ndani yake amelala kuku.

Koo mwekundu, ameatamia. Akaniangalia kwa jicho moja. Shangazi akamnyanyua kwa mbawa, akasema, "Hapa kicheche hafiki, chuma kimemzunguka. Vifaranga wa kwanza wote walitoka." Anasema kwa kujivunia. Ndani kulikuwa na makumbi ya nazi, mayai tisa, na kinyesi. Kinyesi kibichi na kinyesi kikavu, cheupe, cha kijani, kimejaa kwenye bao lote la saketi, kimeingia kwenye feni, kimeganda pale sipiyu ilipo. Yai moja lilikuwa limepasuka siku nyingi, limeoza, ute umeshuka kwenye nafasi za RAM. Glavu nilikuwa sijabeba. Nikaingiza mkono hivyo hivyo. Utitiri ukaanza kunipanda, wale wadudu wa kuku wadogo kama vumbi linalotembea, mpaka kwenye kiwiko, mpaka shingoni. Nikasikia mate ya kutapika yamejaa kinywani nikayameza, nikaendelea kupapasa mahali diski inapokaa.

Hapakuwa na kitu. Waya mbili zinaning'inia tu.

"Shangazi, humu kuna kitu kimetolewa."

Akaanza kunisimulia huku amempakata kuku. Alipofika nalo alitaka kuchomeka friji, akazunguka nyuma na mbele, hakuna tundu la kuchomeka. Akamwita fundi friji wa pale kijijini. Fundi akaangalia akasema hii si stebilaiza, sijui ni nini, ila humu ndani kuna kidude kizito, huenda ni mota. Akakitoa, akakifungua kwa bisibisi zake ndogo. Alikuta sumaku mbili kali ajabu, akazichukua kwa ajili ya kuokotea skrubu. Mengine akayatupa. Hiyo ilikuwa lini? "Mbona siku nyingi, ntoto wangu. Juma lile lile nililotoka arobaini."

Kwa hiyo nilipompigia simu, diski ilikuwa imeshatolewa. Nikajaribu kupata nafuu hapo, kwamba hata ningeeleza siku ile isingesaidia. Lakini siku ya pilau ingesaidia. Sinia mkononi, watu wamenyamaza wananisikiliza.

"Ila fundi hakuniacha mikono mitupu," shangazi akasema. Akaingia ndani, akatoka na kitu cha mviringo, kinang'aa, kina tundu katikati. Kioo kidogo. Alikuwa anakitundika kwenye msumari dirishani kwa lile tundu. "Kizuri, hakina mawimbi kama hivi vya dukani. Asubuhi napakia wanja hapa. Angalia unavyoonekana."

Ilikuwa sahani ya diski. Ndiyo hiyo hasa, ghala lenyewe. Kila kitu kinachoingia kwenye kompyuta kinaandikwa juu ya sahani ile, kwa alama ndogo zisizoonekana, na sindano nyembamba inapita juu yake bila kuigusa, karibu mno, kiasi kwamba chembe moja ya vumbi inaharibu. Ndiyo maana wanaifungia kwenye kasha lisiloingiza hewa chafu. Hii ilikuwa na mafuta ya mgando. Ilikuwa na alama za vidole, mstari wa wanja, mikwaruzo ya kuisugua kwa majivu, na kwenye ukingo kinyesi cha nzi. Nikaishika na uso wangu ukanitazama kutoka mle, umeloa jasho, utitiri unatembea kwenye paji. Nilijichukia. Sijawahi kumchukia mende vile.

Shangazi akaona nimebadilika. Akaniuliza kuna nini, kwa sauti ndogo, na hapo ndipo nikaeleza. Nilieleza yote, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, polepole, kama baba angeeleza. Kwamba kioo alichopewa kaka hakina kitu. Kwamba lile sanduku ndilo kompyuta, na ndani yake kulikuwa na jamvi na kulikuwa na ghala. Kwamba ghala ndilo hili analojitazamia. Kwamba baba alimrekodi mama mlangoni, anamenya muhogo, na sauti ile iliandikwa juu ya sahani hii, na haikuwepo mahali pengine popote. Alinielewa mara moja. Hakuuliza swali hata moja la kijinga, hakusema ndiyo dada. Alimweka kuku chini, akaipokea ile sahani kwa viganja viwili kama inaweza kumwagika.

"Wifi yangu alikuwa humu?"

Alikuwa humu.

"Na haiwezi kurudi?"

Haiwezi.

Walipendana sana wale, yeye na mama, walisuka ukili pamoja miaka mingi kabla hajaolewa huku. Akachukua ncha ya kanga yake akaanza kuifuta ile sahani, mstari wa wanja kwanza, halafu mafuta, anazungusha kidole taratibu. Nikataka kumwambia kwamba kuifuta ndiko kunakoiharibu zaidi, lakini haikuwa na maana tena, nikamwacha. Alipomaliza akaniangalia, macho yamelowa, wanja umeanza kushuka.

"Alikuwa anasema nini?"

"Sijui, shangazi."

"Hujui vipi? Si umesema baba yako alikuwa anakuita?"

"Alikuwa ananiita. Sikwenda kusikiliza."

Hakukasirika, hakunisema, na ningependa angenisema.

"Haya," akasema, akanirudishia ile sahani mkononi. "Na wewe ndiye fundi."